Faili la Yaliyokwisha

Hospitalini walimwita Mama Faili, na jina hilo alilipokea kama wengine wanavyopokea nishani. Alikuwa na stashahada ya utunzaji wa kumbukumbu, chumba kizima cha mafaili ya wagonjwa chini ya ufunguo wake, na ulimi ambao hata madaktari bingwa waliukwepa. Daktari akirudisha faili lenye duara la kikombe cha chai, Mama Faili alimzuia palepale dirishani na kumuuliza kama mgonjwa alilazwa kwa ajili ya ini au kwa ajili ya chai.

Kwa hiyo Jumatatu asubuhi, alipokwenda kuweka sahihi ya udhamini kwa katibu wa chama cha akiba na mikopo, aliketi kama mwenye ofisi. Kando yake alikaa mdogo wake, ambaye tangu usichana wake watu walimwita Kikapu kwa sababu ya mkoba aliotembea nao. Mkoba ule ulibeba kila kitu: vitambaa, mizani ndogo ya jikoni, risiti za unga, chaja mbili ambazo hakuna iliyofanya kazi. Kikapu alioka keki na mikate nyumbani kwake, katika jiko ambalo mlango wake ulifungwa kwa waya. Sasa kulikuwa na hoteli iliyokuwa inafunga milango na kuuza vyombo vyake, na miongoni mwa vyombo hivyo kulikuwa na oveni ya chuma yenye sakafu tatu za kuokea. Kikapu alishalipa kishika uchumba. Salio lilitakiwa kabla ya Ijumaa saa kumi jioni, la sivyo oveni ingekwenda kwa mtu mwingine na kishika uchumba kingekwenda nayo. Chama kilikubali kumkopesha, mradi apate mdhamini mmoja mwenye mshahara na jina safi.

"Jina safi ndiyo mimi," Mama Faili alikuwa amemwambia mdogo wake njiani. "Wewe kazi yako ni kutopoteza fomu kabla hatujafika."

Katibu aliandika namba ya kitambulisho kwenye kompyuta, akasubiri, akavuta miwani puani. Kisha akaisoma namba upya, tarakimu moja moja.

"Mama, kuna kitu hapa."

"Kitu gani?"

"Umo kwenye orodha ya wadaiwa sugu. Kadi ya mkopo ya benki. Deni limeuzwa kwa kampuni ya kukusanya madeni." Aliigeuza skrini ili aone mwenyewe. Jina lilikuwa lake, majina yote matatu, limeandikwa kwa usahihi ambao siku nyingine angeusifu. Kiasi kilikuwa kama mishahara yake mitatu.

Kikapu aliinama na kutazama skrini, halafu akamtazama dada yake. "Dada. Wewe?"

Mama Faili alicheka. Tena alicheka kwa raha. Deni hilo alilimaliza miaka mitatu iliyopita, taslimu, dirishani benki, na kadi akaikata kwa mkasi. Na risiti alikuwa nayo. Maisha yake yote alikuwa anasubiri siku ambayo mtu mzima mwenye madaraka angemwambia alete karatasi, na siku yenyewe imefika.

"Kesho saa mbili asubuhi," alimwambia katibu, "nitakuletea risiti. Na mdogo wangu hapa ajifunze kwa nini watu tunatunza karatasi."

"Nimejifunza, dada," alisema Kikapu, huku akiitafuta kalamu mkobani na kutoa kijiko.

Mchana, akiwa kwenye korido ya hospitali, Mama Faili aliipigia simu kampuni ya madeni. Alipokea kijana mwenye sauti ya mtu anayesoma.

"Mama, tunashukuru kwa kupiga. Ungependa kulipa kwa njia gani leo?"

"Sikupiga kulipa. Nilishalipa. Miaka mitatu iliyopita."

"Ndiyo, mama. Wateja wetu wengi husema hivyo."

"Mimi si wateja wako wengi. Mimi nina risiti."

"Sawa, mama. Tutumie risiti. Au, kwa kukusaidia, ukilipa nusu kabla ya Jumatano saa kumi, nusu nyingine tunaifuta na jina tunaliondoa siku hiyohiyo."

"Kwa hiyo nikulipe nusu ya kitu nisichodaiwa ili unifutie nusu nyingine nisiyodaiwa."

"Ndiyo, mama," alisema kijana, bila kuona tatizo.

Alimwamuru amtumie kwa maandishi uthibitisho wa deni lenyewe: limetoka wapi, lini, kwa hesabu gani. Hakulipa hata senti, kwa kuwa alijua ukilipa kidogo umeshakubali kwamba unadaiwa. Hilo alilifanya vizuri. Lazima lisemwe, maana ni jambo la mwisho alilolifanya vizuri wiki hiyo.

Jioni, akiwa bado na viatu vya kazini, alifungua kabati la chuma chumbani. Mafaili yalisimama kwa rangi: ya kijani ya shule, ya bluu ya nyumba, ya njano ya afya, na mwisho kabisa jeusi lenye lebo aliyoiandika kwa herufi kubwa, YALIYOKWISHA. Humo aliweka mambo yaliyofungwa: baiskeli iliyoibwa, kesi ya ukuta wa jirani, kadi ya benki. Mumewe alisimama mlangoni akila chungwa.

"Unatafuta nini?"

"Sitafuti. Nachukua. Kutafuta ni kazi ya watu kama wewe."

Aliifikia sehemu ya kadi ya benki. Risiti ilikuwepo, mahali pake hasa. Wakati ule aliifunika mbele na nyuma kwa plastiki ya kunata, ile ya kufunikia majalada ya mafaili kazini, akaisugua kwa rula mpaka hakukuwa na povu hata moja. Hakuna maji wala mende ambao wangeigusa. Aliitoa, akaisogeza kwenye taa.

Ilikuwa nyeupe. Nyeupe pe. Aliigeuza, na upande wa pili nao ulikuwa mweupe. Aliinamisha kichwa, akaifuta kwa upindo wa blauzi, akaitazama kwa pembe kama mtu anayetafuta ufa kwenye kioo. Hakukuwa na jina la benki, tarehe, kiasi wala namba. Kulikuwa na kipande cha karatasi tupu kilichohifadhiwa kwa ustadi wa hali ya juu.

"Imekuwaje?" aliuliza mumewe.

Mama Faili alijua imekuwaje, na hilo ndilo lililomkata maini. Karatasi za mashine za benki huandikwa kwa joto, hazina wino, na gundi ya plastiki huyala maandishi polepole. Walifundishwa chuoni, muhula wa pili. Alipata alama ya juu.

"Ungeitupa tu kwenye droo," alisema mumewe, "ingekuwa bado inasomeka."

"Kula chungwa lako," alisema Mama Faili.

Jumanne saa mbili asubuhi hakuwa kwa katibu. Alikuwa benki, mbele ya afisa wa huduma kwa wateja, binti mwenye kucha fupi na subira ndefu. Alimweleza yote kwa mpangilio, kisha akatelezesha risiti juu ya meza. Afisa aliichukua, akaigeuza, akaigeuza tena.

"Mama, hii ni nini?"

"Risiti."

"Ya nini?"

"Ya malipo ya kadi."

Afisa aliitazama tena kwa heshima, kama mtu aliyeonyeshwa picha ya mtoto asiye mzuri. "Imefunikwa vizuri," alisema hatimaye.

Mfumo wa kadi ulibadilishwa miaka miwili iliyopita, alieleza. Malipo ya zamani yalikuwa kwenye kumbukumbu nyingine, na huko hayakutafutwa kwa jina. Yalitafutwa kwa namba ya muamala, ile namba ndefu iliyokuwa chini ya risiti. Au angalau tarehe kamili na dirisha alilolipia.

"Ulikuwa mwezi wa tano," alisema Mama Faili. "Au wa sita mwanzoni."

"Siku gani, mama?"

Hakujua. Yeye, aliyewahi kumfukuza karani kwa kuandika "juzi" kwenye daftari la wageni.

"Huna picha yake kwenye simu?" aliuliza afisa. "Watu wengi siku hizi wanapiga picha."

Picha alipiga. Alikumbuka kabisa kwamba alipiga. Ila kila mwisho wa mwezi Mama Faili alisafisha simu yake, akafuta picha zote na mazungumzo yote, kwa sababu simu iliyojaa takataka ni dalili ya kichwa kilichojaa takataka. Maneno hayo alikuwa akiwaambia watu bila kuombwa.

Alitoka benki akasimama kwenye kivuli cha jengo, akapiga hesabu. Nusu ile aliyoitaka kijana wa madeni alikuwa nayo. Ilikuwa akiba ya kubadilisha bati upande wa jikoni. Angeilipa kesho, jina lingesafishwa, angeweka sahihi, oveni ingenunuliwa, na hakuna mtu ambaye angelazimika kuiona ile risiti tena. Bati lingeendelea kuvuja. Lilishazoea.

Alikwenda moja kwa moja kwa mdogo wake.

Jikoni kwa Kikapu kulikuwa na unga hadi kwenye swichi ya taa. Kikapu mwenyewe alikuwa anachomoa trei kwa mkono mmoja na kwa mwingine anashikilia mlango wa jiko usianguke. Mkoba ulikaa juu ya kiti pekee, kwa hiyo Mama Faili alisimama.

"Umeshampelekea katibu?" aliuliza Kikapu.

"Bado."

"Alikuwa hayupo?"

"Mimi ndiye sikuwepo." Akatoa risiti, akaiweka mezani kati ya mayai na sukari.

Kikapu alifuta mikono, akaitazama. Akamtazama dada yake. Akaitazama tena. "Ndiyo hii?"

"Ndiyo hiyo."

"Iliyonikalisha chini kila sikukuu ya familia kwa miaka mitatu?"

"Sema yote, umalize."

Kikapu alikaa kwenye ukingo wa ndoo, mabega yakaanza kutikisika, na Mama Faili akadhani analia kwa ajili ya oveni. Alikuwa anacheka. Alicheka mpaka akashika ubavu, mpaka machozi yakachora mistari kwenye unga uliokuwa mashavuni mwake, na kila alipotaka kunyamaza aliiangalia risiti akaanza upya.

"Umeisugua na rula?" alifaulu kuuliza.

"Niliisugua."

"Nilijua."

Mama Faili alingoja kama mtu anayengoja mvua ipite. Kisha akasema alichokuja kusema: kwamba kesho atalipa ile nusu, mambo yaishe, oveni ipatikane.

Kikapu aliacha kucheka. "Utalipa nini?"

"Nusu."

"Ya deni ulilolimaliza?"

"Muda hatuna. Ijumaa si mbali."

"Dada, hapana." Hakupaza sauti, ila alisimama. "Sitaki oveni ambayo kila nikiifungua nakumbuka umelipa kitu kimoja mara mbili kwa sababu yangu. Nitafunga waya mwingine kwenye hili jiko. Bati lako linavuja, mimi nalijua, ndimi niliyewekewa sufuria kichwani Krismasi."

"Kishika uchumba chako kitapotea."

"Kipotee. Mimi nimezoea kupoteza vitu, si ndivyo unavyosema?"

Mlango wa jiko ukateleza, Kikapu akaudaka kwa goti bila hata kuangalia. Halafu akasimama vilevile, goti likiwa juu, kama mtu aliyesikia anaitwa.

"Ulinitumia picha," alisema.

"Picha gani?"

"Siku uliyomaliza hilo deni. Ulinitumia picha ya kunisimanga."

"Sikukusimanga. Nilikuwa nakutia moyo."

"Haya, nilitiwa moyo nikashindwa kula." Alikuwa tayari ameingiza mkono mkobani. Alitoa mizani, chanuo, nusu ya mkate, mwishowe simu yenye kioo kilichopasuka. "Shika mlango."

Mama Faili akashika mlango wa jiko. Mdogo wake alianza kupandisha picha kwa kidole gumba, na zilipita kama foleni isiyo na mwisho: keki, keki, mguu wa mtu, dari, keki ya harusi, risiti ya unga, keki iliyoanguka, mtoto wa jirani, dari tena. Hakuwahi kufuta hata moja. Zilikuwa elfu kumi na moja na ushee. Siku nyingine yoyote Mama Faili angekuwa na la kusema.

"Hukuwahi kuifuta," alisema badala yake, taratibu, akiwa ameinama na kiwiko kinaungua.

"Nilikuwa naisubiri siku utakayoteleza. Sikujua kwamba utateleza na kuniangukia mimi." Akaendelea kupandisha. "Hii hapa."

Kadi ilionekana imekatwa vipande viwili, vimepangwa sambamba. Kati ya vipande, risiti mpya, nyeusi tii kwa maandishi, namba ndefu chini yake inasomeka tarakimu kwa tarakimu. Juu kulikuwa na tarehe. Na chini ya picha kulikuwa na ujumbe wake mwenyewe: *Mdogo wangu, hivi ndivyo watu wanaojitambua wanavyomaliza madeni. Wewe endelea kutupia karatasi kwenye mkoba. Iko siku utanitafuta.*

Jibu la Kikapu lilikuwa maneno mawili. *Hongera dada.*

Mama Faili aliusoma ujumbe ule mara mbili. Joto la jiko halikumsaidia uso.

"Siku hiyo nilikuwa nimeibiwa kodi ya nyumba," alisema Kikapu, bila kinyongo, kama anataja hali ya hewa. "Sikukuambia."

"Kwa nini hukuniambia?"

"Ungeniuliza kama ninayo risiti."

Mama Faili alisema tu, "Nisamehe, mwanakwetu," mlango wa jiko ukiwa bado mkononi, na Kikapu akamwambia aubane vizuri, keki zinapoteza joto.

Jumatano afisa wa benki alisema picha peke yake haitoshi kuambatanishwa. Alihitaji ukurasa mzima wa mazungumzo, ili tarehe ya kutumwa ionekane. Ukachapwa. Afisa akausoma kwa ajili ya kumbukumbu, akafika kwenye "watu wanaojitambua", akauma mdomo wa chini, akahitaji kikohozi kidogo. Aliugonga muhuri. Sasa ulikuwa waraka rasmi wa benki.

Aliingiza ile namba, akasubiri.

"Pesa yako ipo, mama."

"Iko wapi?"

"Kwenye akaunti ya malipo yaliyokosa mwenyewe. Tulipohamisha mfumo, namba ya kadi yako ilishafungwa, kwa hiyo malipo hayakupata pa kwenda. Deni likabaki wazi, likauzwa. Kosa ni letu." Akageuza ukurasa kwenye skrini. "Ila tulikuandikia. Mara mbili. Tulikuomba uje na risiti ndani ya siku tisini."

"Sikupata barua yoyote," alisema Mama Faili, kwa uthabiti wa mtu mwenye kabati la chuma. "Barua hainipotei mimi."

Afisa hakubishana. Aliahidi barua ya kuthibitisha kwamba hadaiwi, na nakala kwa kampuni ya madeni. Alhamisi mchana kijana mwenye sauti ya kusoma alipiga simu mwenyewe.

"Mama, faili lako tumelifunga. Samahani kwa usumbufu."

"Niandikie," alisema Mama Faili. "Kwenye karatasi, na sahihi. Na jina lisipotoka kwenye orodha leo hii, nitakuja hapo nikae mezani kwako."

"Limeshatoka, mama." Akaongeza: "Kwa kweli watu wengi hawana risiti."

"Ndiyo," alisema Mama Faili. "Watu wazembe."

Jioni ile alifungua faili jeusi ili alitengeneze upya, na nyuma ya mahali ilipokaa risiti akakuta bahasha mbili za benki. Zilikuwa zimetobolewa matundu mawili pembeni kwa mashine ya kutobolea, umbali sahihi kabisa, zikapangwa kwa tarehe ya kupokelewa, ambayo aliiandika mwenyewe kwa kalamu nyekundu. Hazikuwa zimefunguliwa. Alikumbuka: jambo la kadi lilikuwa limekwisha, kwa hiyo barua za kadi zilikwenda kwenye Yaliyokwisha. Mantiki haikuwa na kasoro. Alichana ya kwanza. *Mpendwa mteja, tumepokea malipo yako lakini tumeshindwa kuyaoanisha.* Matundu yalipita katikati ya neno "tafadhali".

Kwa robo saa alifikiria kuzichoma. Kisha akazitia kwenye mkoba wake wa kazini.

Ijumaa saa nne asubuhi katibu aliandika namba ya kitambulisho, akasubiri, akatikisa kichwa kwa kuridhika. Jina lilikuwa safi. Mama Faili aliweka sahihi sehemu tatu, Kikapu akaweka yake kwa kalamu ya kuazima, na katibu akasema pesa itakuwa hotelini kabla ya saa nane.

Nje, kwenye ngazi, Mama Faili alitoa zile bahasha mbili akampa mdogo wake bila maelezo. Kikapu aliyaona matundu. Aliona mwandiko mwekundu. Akafunua, akasoma, akazikunja tena polepole sana.

"Sicheki," alisema.

"Cheka tu."

"Nimechoka kucheka, dada, mbavu zinauma tangu Jumanne."

Mama Faili akatoa ile barua ya benki, halisi, yenye muhuri wa buluu, iliyosema kwamba hadaiwi kitu. Akaishika kidogo. Vidole vyake vilikwishaanza kupima ukubwa wa plastiki itakayoitosha.

"Weka wewe," alisema.

Kikapu hakuuliza mara mbili. Aliipiga picha, akaitumbukiza mkobani, katikati ya vitambaa na chaja zisizofanya kazi, ikazama isionekane. Mama Faili alilazimika kutazama barabarani.

Ndipo katibu akawafuata mbio na bahasha ya kahawia mkononi. "Mama, nakala yako ya udhamini, nusura uisahau."

Mama Faili aliipokea, akaitazama ubavuni kuona matundu yatakaa wapi.

"Dada," alisema Kikapu.

"Nini?"

"Fungua kwanza."

Akafungua, akasimama palepale kwenye ngazi, watu wakimpita kushoto na kulia, akasoma kurasa zote nne mpaka mwisho.